Kibali cha Kuzika Meno

Swaleh Chande wa Kau alikuwa mng'oa meno, na hapakuwa na mtu mjini aliyechukia nyumba kama yeye. Sisemi nyumba yake. Nyumba yake ilikuwa nzuri, ya makuti mapya, na ndani yake alikuwamo Mwanaarusi, ambaye si mke wa kuchukiwa. Nasema nyumba yoyote. Akikaa chini ya paa siku mbili, alianza kujikuna. Siku ya tatu alikuwa akiutazama mto kama mbuzi anavyotazama shamba la jirani.

Sasa, mtu mzima hawezi kuaga mkewe akasema naenda mwituni kutembea. Atembee kwani kapoteza ng'ombe? Swaleh hakuwa mwindaji, hakulina asali, na samaki wadogo aliowavua aliwarudisha majini akiwapa pole. Alichopenda ni kuwa huko tu: kulala mchangani, kusikiliza viboko wakigombana, kujua ndege gani kahama mti gani na kwa sababu gani. Haya si mambo ya kumwambia mke aliye shambani mwa mpunga akifukuza ndege hao hao. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Swaleh alipewa meno.

Jino, mnajua, ni sehemu ya mtu. Halitupwi jalalani kama ganda la ndizi, linafukiwa. Na Kau ya miaka ile, bendera ya Mzungu ikiwa bado haijapauka kule bomani, kila mtu alikuwa na adui wake, na hakuna aliyetaka jino lake limwangukie adui mkononi. Basi Swaleh akajitwika amana. Akimng'oa mtu, alilifunga jino kwenye kitambaa na kusema, "Hili nitalizika mwituni, mahali asipopajua mtu." Watu wakamshukuru. Jino la mbele lilimchukua siku nne. Gego, siku nane.

"Siku nane kwa gego moja?" Mwanaarusi alimuuliza mara ya kwanza. "Mume wangu, maiti mtu mzima twamzika kwa saa moja."

"Maiti ana watu wa kumsindikiza. Gego halina mtu ila mimi."

"Na likiwa na mizizi mitatu?"

"Hapo, mama, utanivumilia."

Alimvumilia miaka ishirini. Tuneya, binti yao wa pekee, alizaliwa baba yake akiwa mwituni akizika chonge. Paa lilipovuja, Swaleh alikuwa akizika. Mto ulipofurika ukaingia jikoni, Mwanaarusi alipanda juu ya kitanda na kuku wake saba, naye Swaleh akarudi siku ya sita, kanenepa, ana rangi nzuri, akauliza, "Kwani hapa kulinyesha?" Sasa Tuneya alikuwa kaolewa Ozi, na Mwanaarusi alibaki na kazi yake ile ile: mgonjwa akikalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, yeye ndiye aliyemshika kichwa.

Matata yaliletwa na sifa. Roba, mfugaji wa Kiorma kutoka nyikani, aliletwa Kau na gego lililokuwa limemnyima usingizi mwezi mzima. Swaleh alilivuta, Mwanaarusi akashika kichwa, na jirani yao Hiribae akakalia miguu, kwa maana Roba alikuwa mtu wa miraba minne. Lilipotoka, Roba alilia kwa furaha, akaacha kibuyu cha maziwa na kuahidi kwamba jina la mzee huyu atalitangaza mpaka mwisho wa nyika.

Akalitangaza bomani. Alikwenda kule kwa shauri la ng'ombe, na Mzungu mwenyewe alikuwa safarini, kwa hiyo serikali yote siku hiyo ilikuwa Karani Shee. Huyu alikuwa kijana wa Lamu, kanzu imepigwa pasi, shavu la kushoto limefungwa kitambaa. Alikuwa amelibandika ukutani tangazo kwamba pembe za ndovu haziuzwi wala hazifichwi bila kibali, na atakayewafichua wenye kuzificha atakumbukwa na serikali. Karani Shee alitamani sana kukumbukwa.

"Habari za juu ya mto?" aliuliza, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Habari mzuri," alisema Roba. "Ile mzee Swaleh ya Kau ni mtu kubwa. Iko na meno mingi. Yote nazika kule mwitu."

Mtu mwingine angesikia meno akafikiri meno. Lakini Karani Shee alikuwa msomi, na taabu ya msomi ni kujua kidogo. Alijua kwamba katika Kiorma jino la mtu na pembe ya ndovu huitwa kwa neno moja, na kwamba watu wa nyikani wakisema Kiswahili hutaja meno wakimaanisha pembe. Hili alilijua yeye peke yake pale bomani, na lilimpendeza mno kulijua.

"Meno makubwa?" aliuliza, akichukua kalamu.

"Lo! Kubwa! Ile moja tu nataka watu tatu. Moja navuta, moja nashika kichwa, moja nakalia miguu."

"Na damu?"

"Damu mingi. Hata yule mama nalowa."

Karani Shee aliandika yote, na chini yake akapiga mistari miwili.

*

Walifika Kau asubuhi, karani na askari wawili, Mwanaarusi akiwa anatwanga. Askari mmoja alimkamata Swaleh mkono akiwa bado na mswaki mdomoni. Wa pili aliingia ndani akaanza kupekua. Alimwaga mchele sakafuni. Alifunua vyungu. Alifungua kasha la Mwanaarusi mlangoni, mbele ya mji mzima uliokuwa umeshajaa uani, akatoa nguo moja moja akizipunga: leso, leso, na nguo nyingine ambayo mwanamke wa heshima haianiki hata juani. Mwanaarusi alitamani ardhi ipasuke. Alimnyang'anya, akaificha kifuani, na askari akacheka.

"Unaficha meno?" Karani alimuuliza Swaleh.

"Sifichi, bwana. Nazika."

Watu wakaguna. Karani akageuka kuhakikisha askari wake wamesikia.

"Mangapi?"

"Sijahesabu. Ni miaka ishirini."

"Ya nani?"

"Hilo siwezi kusema. Ni amana za watu."

"Jamani!" Mwanaarusi alipiga kelele. "Si mng'oa meno huyu! Meno ya vinywani! Angalia koleo lake hilo!"

"Kila mwizi ana kazi ya mchana, mama," alisema Karani, akalichukua koleo na kulitia kwenye mfuko wake. "Haya, nani hapa kang'olewa jino na mtu huyu? Ajitokeze afungue kinywa."

Hapo ndipo mngetujua sisi watu wa Kau. Uwanja mzima ulikuwa na mapengo ya Swaleh, na vinywa vyote vilifumbwa kama mifuko. Nani afungue kinywa mbele ya watu na serikali? Mwanaarusi alimtazama Hiribae. Hiribae alikuwa kaoa mke wa tatu mwezi uliopita, msichana wa miaka kumi na minane, na alikuwa kamwambia kwamba yeye ni mtu wa makamo tu. Tangu harusi hakucheka ila kwa pua.

"Hiribae," alisema Mwanaarusi. "Wewe sema."

"Mimi?" alisema Hiribae, midomo haijaachana. "Mimi sijaumwa na jino maisha yangu."

Bibi kizee mmoja, kipofu na kiziwi nusu, aliyedhani watu wanagombania mahari, akapaza sauti kutoka nyuma. "Jino la pembe si dawa ya pengo!"

"Nani kasema pembe?" Karani aliruka. "Mmesikia? Pembe! Mfungeni!"

Wakamfunga mikono. Karani akasoma hukumu aliyokuwa kaiandika kabla hajaondoka bomani: pembe zikionekana, Swaleh Chande atakwenda gerezani Lamu miezi sita, na mtumbwi wake utachukuliwa. Swaleh alisikia miezi sita asibabaike. Aliposikia gerezani aliuliza, "Ndani?"

"Ulitaka gereza la nje?"

Uso wa Swaleh ukageuka majivu. Mwanaarusi aliona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa kweli. Miezi sita ndani ya kuta nne ingemuua mtu huyu bila kumpiga hata kofi. Akafunga leso kiunoni.

"Nami nakuja. Mimi ndiye mshika kichwa. Akiwa mwizi, nami mwizi." Kisha akalitazama lile shavu lililofungwa. "Na wewe, mwanangu, jino hilo litakuua."

"Shavu langu halikuhusu," alisema Karani.

*

Mtumbwi ulihitaji mpiga kafi wa pili, na askari wakamshika Hiribae kwa kuwa alisimama karibu. Walipanda mto siku nzima. Karani aliketi katikati, akiruka kila gogo lilipoelea, akiuliza kama ni mamba. Swaleh, mikono imefungwa, alikuwa kiongozi, na Mwanaarusi aliyeketi nyuma yake alidhani atamwona akilia.

Kumbe wapi! Mji ulipopotea nyuma ya kona ya kwanza, Swaleh alianza kuinua kichwa. Kona ya pili akasahau kwamba kafungwa. "Yule kiboko mwenye sikio moja ni mkorofi, piteni kulia," aliwaambia askari. "Mti ule una nyuki tangu masika ya juzi. Ndege yule, yule mwekundu, anachimba nyumba yake ukingoni, ndani kama urefu wa mkono." Askari aliyepekua kasha akaacha kupiga kafi, akawa anauliza, huyu je, yule je? Na Swaleh akijibu, sauti imefunguka, uso wa mtu wa miaka thelathini. Mwanaarusi alikuwa kaolewa na mtu huyu miaka ishirini na mbili, na hakuwa amepata kumwona. Alisikia wivu. Angalau mke mwenza angeweza kumtukana. Mto utautukana vipi?

Siku ya pili walifika. Palikuwa na mkuyu mkubwa, mchanga mweupe, na kibanda kidogo cha makuti kisicho na kuta. Swaleh akaonyesha kwa kidevu: "Ni hapo."

Karani aliinua kanzu yake akashika jembe mwenyewe, maana hakutaka askari waseme walichimba wao. Alichimba mpaka jasho likamlowesha kitambaa cha shavuni. Akagonga kitu. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akatoa kifuu cha nazi kilichofungwa kwa kamba ya ukindu. Akakitikisa. Kikalia, kidogo sana. Akakifungua.

Jino moja.

"Hilo ni la yule mama wa sokoni, Mungu amrehemu," alisema Swaleh. "Gego la chini."

Karani akachimba tena. Kifuu. Akachimba. Kifuu. Vilipofika thelathini, askari walikuwa wameketi chini, mabega yanawatetemeka.

"Hilo la imamu, tafadhali ulishike vizuri. Hilo la Roba, limeingia juzi tu, ndilo lililotaka watu watatu. Na hilo..." Swaleh akasita. "Hilo la mbele, pamoja na jirani yake, ni meno ya Hiribae."

"Mwongo!" Hiribae alifoka, kwa kinywa kizima kilicho wazi, na pengo lake likaonekana na kila mtu, pana, la kupitisha ndizi.

Askari mmoja alianguka ubavu. Hata Mwanaarusi, aliyeapa kwamba hatacheka mpaka mumewe afunguliwe, alilazimika kuuma leso. Karani Shee alibaki amepiga magoti katikati ya makaburi ya meno ya Kau, kanzu yake ya pasi ina tope mpaka mapajani. Angeweza kucheka, na mambo yangeisha hapo. Lakini kijana aliyetaka kukumbukwa, mkimcheka, lazima atoe amri.

"Mfungueni," alisema. "Lakini jambo hili la kuficha ficha limekwisha. Kuanzia leo, jino lolote litakalotoka Kau litazikwa makaburini Kau, mbele ya watu. Na wewe Swaleh Chande, hupiti kona ya kwanza ya mto bila karatasi yenye mkono wangu. Ukikamatwa, ni gereza."

Swaleh alisugua vifundo vya mikono yake. Akalidai koleo lake, akarudishiwa.

*

Basi Mwanaarusi akapata alichokiomba miaka ishirini: mume nyumbani. Wiki ya kwanza alimpikia kila anachokipenda. Wiki ya pili Swaleh alihesabu boriti za paa, akamwambia ziko arobaini na moja, na ya kumi na mbili imepinda. Wiki ya tatu alianza kumfundisha kupika wali.

"Maji yamezidi," alisema, kasimama nyuma yake.

"Baba Tuneya, wali huu naupika tangu hujaota ndevu."

"Nasema tu. Yamezidi."

Hayo angeyavumilia. Mwezi wa pili Swaleh akanyamaza. Aliketi kizingitini mgongo kaupa mto. Chakula alikigusa kwa ncha za vidole. Wagonjwa walikuja, na mkono uliokuwa haujakosea ukaanza kutetemeka; alimvunjia mwanamke wa Idsowe jino katikati, mzizi ukabaki, na yule mama akaenda akimlaani mpaka ukingoni mwa mto. Siku hiyo Swaleh aliliweka koleo juu ya boriti ya paa akasema, "Sing'oi tena."

Mwanaarusi alimtazama mtu huyu aliyejaa nyumba nzima na hakuwemo. Akamkumbuka yule bibi kizee. Jino la pembe si dawa ya pengo. Zamani alikuwa na pengo kitandani, lakini pengo la mtu mzima, anayerudi akinuka moshi na asali, akiongea mpaka usingizi ukamshika katikati ya neno. Sasa alikuwa na jino la bandia. Moyo ulimuuma, na alijikasirikia kwa kuumwa, akaenda shambani akawatukana ndege mpaka sauti ikamkauka.

*

Karani Shee alikuja siku ya soko, saa nne asubuhi, na hakuna aliyemtambua. Shavu lilikuwa boga. Jicho la kushoto limezibwa. Askari wawili walimkokota kama bwana harusi aliyelazimishwa. Alikuwa hajala siku tano.

Uani mkajaa watu, bila shaka. Hiribae alikuja na kibao cha kukalia.

"Sing'oi," alisema Swaleh kutoka kizingitini.

"Mzee wangu," alilia Karani. "Baba yangu. Nakuomba."

Mwanaarusi hakumuuliza mumewe. Alipindua kinu, akamkalisha Karani, akakibana kichwa chake kati ya magoti yake, na akamwambia Hiribae akalie miguu. Kisha akaliteremsha koleo na kulitia mkononi mwa Swaleh.

"Nimekushikia," alisema. "Kama siku zote."

Swaleh aliliangalia lile jino, na mazoea ni dawa, mkono ukatulia. Karani alipiga yowe lililosikika ng'ambo ya mto, na gego likatoka zima na mizizi yake mitatu. Watu wakashangilia kama mtoto kazaliwa. Mwanaarusi alimjaza Karani kinywa kwa pamba yenye mafuta ya karafuu, akamwambia, "Uma, na usiseme mpaka adhuhuri."

Kisha akalichukua lile gego, akalinyanyua juu watu walione.

"Haya wenzangu! Jino la Karani! Twende makaburini tukalizike, mbele ya watu, kama ilivyoamriwa. Nani atachimba?"

Mikono ilinyanyuka mingi ajabu. Alikuwepo aliyetozwa kodi ya kibanda mara mbili. Walikuwepo wafugaji ambao ng'ombe wao walihesabiwa pamoja na ndama wa matumboni. Mmoja aliuliza kwa adabu kama kaburi lenyewe litawekewa alama, ili watu wajue pa kulizuru. Karani Shee alimtazama kila mmoja, na jicho lake lile moja likawa kubwa. Akatikisa kichwa. Akanguruma ndani ya pamba. Akaonyesha mto, juu, mbali, mbali zaidi.

"Mwituni?" Mwanaarusi akashangaa. "Haiwezekani, bwana. Mume wangu hana karatasi."

Karani akaomba karatasi na wino kwa vidole. Askari wakaleta. Akaweka karatasi juu ya goti akaanza kuandika, naye Mwanaarusi, asiyejua kusoma, akamwita mwanachuoni wa msikiti asimame nyuma ya Karani amsomee.

"Kibali," alisoma mwanachuoni. "Swaleh Chande wa Kau ana ruhusa ya kupanda mto kuzika jino..."

"Meno," alisema Mwanaarusi.

Karani akamtazama.

"Andika meno, mwanangu. Jino ni safari moja tu. Neno hili wewe unalijua sana."

Hiribae akaanza kucheka kwanza, kwa kinywa wazi, pengo na yote, mbele ya mke wake mdogo. Karani alilikata neno jino, akaandika meno, akatia mkono wake, na siku ya mwisho haikutajwa.

Swaleh aliisikiliza karatasi ikisomwa mara mbili. Hakusema ahsante. Aliingia ndani akatoka na kafi, jembe, sufuria na mshipi, na mtu angedhani nyumba inawaka moto. Mwanaarusi alimfuata mpaka majini na kikapu cha mchele.

"Utarudi lini?"

"Gego hilo," alisema Swaleh, akisukuma mtumbwi, macho yameshafika kona ya kwanza, "lina mizizi mitatu, mama Tuneya."

"Siku nane. Ya tisa nachoma mtumbwi."

Alikuwa ameanza kuimba kabla hajafika katikati ya maji. Mwanaarusi alisimama mpaka kona ikammeza, akisema moyoni kwamba hana haya, mtu mzima na mvi zake. Kisha akarudi uani, ambako watu walikuwa wameondoka, akakiinua kinu apate kutwanga.

Jino la Karani lilikuwa palepale chini, katika kitambaa alichomfungia mumewe. Swaleh alilisahau.

Mwanaarusi aliliokota akakimbia hatua tatu kuelekea mtoni, mdomo uko wazi amwite. Akasimama. Akacheka peke yake mpaka akashika ukuta, na machozi yakamtoka, mengine ya kicheko na mengine sijui ya nini. Kisha akalifunga jino pembeni mwa leso yake, mafundo mawili, akashika mchi kutwanga. Mumewe akirudi, siku ya kumi na mbili au ya kumi na tatu ya kukaa nyumbani, atakapoanza tena kuhesabu boriti, atampa akalizike.